Chupa ya Muhuri: Tuisome Bila Kuionja

Wako watu ambao kazi yao ni kuonja wiski. Huinua bilauri mwangani wakaitazama rangi, wakanusa, wakatia tone ulimini, kisha wakaandika kwamba ina harufu ya vanila, sukari iliyoungua na karafuu. Mimi si mmoja wao, na msomaji wa ukurasa huu hatarajii niwe. Amri ya dini juu ya kileo yajulikana, haihitaji kupigiwa mbiu hapa. Lakini chupa ina mambo mawili: kilichomo ndani na kilichoandikwa nje. Cha ndani nimewaachia wenyewe. Cha nje nimekisoma, na naona chatuhusu.

Chupa ninayoisema ni ya bourbon, wiski ya Kimarekani ambayo nafaka yake si chini ya asilimia 51 mahindi, na ambayo hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto. Rangi yote hutoka katika mti ule. Kutia rangi ya dukani ni marufuku. Miongoni mwa bourbon iko aina inayofungwa chini ya sheria ya tarehe 3 Machi 1897, na aina hiyo sasa imerudi kusifiwa na kuuzwa kwa bei ya juu.

Sheria ile ilizaliwa na udanganyifu. Wakati huo wafanyabiashara wengi walichukua spiriti mbichi wakaitia rangi kwa tumbaku, iodini au maji ya plamu, wakaiuza kwa jina la wiski kuukuu. Edmund Haynes Taylor, mtengenezaji wa Kentucky, aliona jina lake likiharibiwa, akashirikiana na John G. Carlisle, Waziri wa Fedha, kuisukuma sheria. Masharti yake ni machache na wazi: kinywaji kipikwe na mtu mmoja, katika kiwanda kimoja, katika msimu mmoja, kilale si chini ya miaka minne katika ghala lililo chini ya ulinzi wa serikali, nguvu yake iwe asilimia 50 kamili, na chupa itaje kiwanda kilichokipika. Serikali haikufanya hayo kwa kuwapenda walevi. Kodi ililipwa mzigo ulipotoka ghalani, kwa hiyo ilikuwa na haja ya kujua kila pipa liko wapi.

Yafaa tuangalie muhuri huo hausemi nini. Hausemi kinywaji ni kitamu, wala hausemi ni ghali. Chupa ya bei rahisi na ile inayogombaniwa na matajiri zote hutimiza masharti yale yale. Tofauti ya bei huletwa na umri uliozidi, uhaba, na zaidi ya yote sifa. Na sifa ni upepo. Machi 2025 mkoa wa Ontario, Kanada, uliondoa vileo vya Marekani katika maduka yake kwa ugomvi wa ushuru. Desemba mwaka huo kampuni ya Jim Beam ilitangaza kwamba ingesimamisha upikaji katika kiwanda chake kikuu cha Clermont kwa mwaka wa 2026, huku maghala ya Kentucky yakiwa yamesheheni mamilioni ya mapipa. Muhuri ulithibitisha ukweli wa bidhaa. Haukuweza kuthibitisha kwamba mnunuzi atakuja.

Jambo la pili ni zito zaidi. Muhuri hauna nguvu kuliko mkono unaoshika ufunguo wa ghala. Hapa kwetu Kenya tuna stempu za ushuru juu ya chupa za vileo, na bado Mei 2014 watu wengi walikufa katika wilaya kadhaa za zamani kwa pombe iliyotiwa methanoli. Februari 2024 wengine 17 walikufa Kirinyaga, na serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo kilichoshikwa, kikatoroshwa kutoka kituo cha polisi. Ufunguo ulikuwepo, ghala lilikuwepo. Uaminifu ndio uliokosekana. Waliokufa walikuwa binadamu wenye wake na watoto, na kusema kwamba "walijitakia" hakumwondolei dhamana aliyeacha mlango wazi.

Basi sisi tusiokunywa tunapata nini? Tunapata swali la kuulizana sokoni. Nani kati yetu hajanunua asali iliyogeuka sukari guru, au samli yenye harufu ya ng'ombe na mwili wa mafuta ya kupikia? Wamarekani waliwekea kileo sharti la kutaja mtengenezaji, mahali, msimu na umri. Asali ya halali, chakula cha mtoto na dawa ya mgonjwa, huuzwa katika chupa ya soda iliyooshwa, bila jina, na muuzaji hula kiapo.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyakati hizi kibaya pia chavaa lebo nzuri. Dini yetu imesisitiza kipimo cha haki kabla ya 1897 kwa karne nyingi. Itakuwa aibu kubwa mlevi wa Kentucky akijua zaidi juu ya chupa yake kuliko mama wa Mombasa anavyojua juu ya asali anayomlambisha mwanawe.