Kabla Hujalipia Kozi, Uliza Nani Ataikubali



Kwa kuwa mimi ni muuguzi, ungedhani majirani zangu hapa Ilford wananisimamisha kuniuliza habari za presha na sukari. Wapo wanaouliza hayo. Lakini swali linalorudi kuliko yote, iwe kwenye foleni ya dukani Ilford Lane au kwenye shughuli ya harusi, ni la vyeti: "Dada, hii kozi yangu itakubalika?"

Jibu langu huwa ni swali jingine: itakubalika na nani, na kwa kazi gani? Hakuna cheti kinachokubalika kila mahali. Cheti hukubaliwa na chuo fulani, kwa sharti fulani, kwa mwaka fulani. Mwenye kauli ya mwisho ni yule anayekupokea. Aliyekuuzia kozi hana kauli hiyo, hata tangazo lake liwe na nembo kumi.

Tuanze na mlango unaowafungia wengi wetu. Vyuo vikuu vingi vya England vinavyofundisha uuguzi, ualimu au ustawi wa jamii vinataka Kiingereza na Hisabati kwa kiwango cha GCSE, alama 4 au zaidi. Ndiyo ile ambayo watu wa zamani wanaiita C. Haya ni masomo ya msingi ambayo kila mwombaji lazima awe nayo, hata kama kazi anayoiomba ameifanya kwa mikono yake miaka kumi. Mtu anaweza kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, akajua kwa kumtazama tu kwamba leo hali si nzuri, na bado akakwama kwenye Hisabati ya Kidato cha Nne.

Namjua mdogo wangu mmoja, si wa damu bali wa ugenini, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Cheti chake cha NECTA kina C ya Kiingereza na D ya Hisabati. Kampuni moja ya mtandaoni ilimuuzia kozi iliyoitwa diploma ya afya ya Ngazi ya 3. Akawa anasoma usiku baada ya zamu, watoto wakiwa wamelala. Cheti kikaja, kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Alipokipeleka chuo kikuu, akaambiwa hakihesabiki.

Alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Tangazo lilisema kozi "imeidhinishwa", na kwa namna yake lilisema kweli: iliidhinishwa kama mafunzo mafupi ya kujiendeleza kazini. Haikuwa kwenye orodha ya sifa zinazosimamiwa na Ofqual, wala haikuwa Diploma ya Access inayotambuliwa kwa kuingilia chuo kikuu. Diploma ya Access halisi ina krediti 60, na 45 kati ya hizo ni za Ngazi ya 3 na hupewa madaraja. Orodha ya Ofqual iko wazi mtandaoni, na kuitazama ni bure. Ukiona neno "imeidhinishwa", endelea kuuliza: imeidhinishwa na nani, kwa ajili ya nini?

Tulipokaa naye mara ya pili, hatukutafuta kozi. Tulitafuta majibu. Aliandikia vyuo vikuu vitatu baruapepe ileile, na majibu yakaja matatu tofauti. Kimoja kilisema kinakubali Functional Skills za Ngazi ya 2 badala ya GCSE ya Hisabati, na kwamba Kiingereza chake cha nyumbani kitaangaliwa akileta barua ya ulinganisho kutoka UK ENIC. Cha pili kilisema GCSE tu, hakuna mjadala. Cha tatu kilikubali Functional Skills, ila pamoja na Diploma ya Access. Angalieni hapo: mtu yuleyule, cheti kilekile, majibu matatu. Angekuwa amelipia kozi kwanza, angekuwa anacheza bahati nasibu.

Hiyo UK ENIC ndiyo ambayo hadi 2021 iliitwa UK NARIC. Kazi yake ni kusema cheti chako cha nje kinalingana na kiwango gani hapa Uingereza. Barua yake inasaidia sana, lakini ni ushauri. Chuo kinaweza kuipokea na bado kikadai zaidi. Kwa hiyo usiilipie kabla chuo hakijakwambia kwamba kinaihitaji.

Kuhusu ada ya Kiingereza na Hisabati, wengi hawajui: England, mtu mzima wa miaka 19 na zaidi ambaye hana alama hiyo ya GCSE anaweza kusoma masomo haya mawili hadi Ngazi ya 2 bila kulipa, mradi anatimiza masharti ya ukaazi. Mwenye viza ya kazi au ya masomo aulize kwanza kama anahesabika. Hapa kwetu, chuo cha watu wazima cha Redbridge ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Mdogo wangu sasa anasoma Hisabati jioni. Juzi alinitumia picha ya hesabu ya asilimia aliyoipata, bila neno lolote, alama ya tiki tu.

Sasa kuna mtego wa namba. Tanzania, stashahada ya uuguzi ni Ngazi ya 6 kwenye mfumo wa NTA, na shahada ya kwanza ni Ngazi ya 8. England, Ngazi ya 6 ni mwaka wa mwisho wa shahada, na Ngazi ya 8 ni udaktari wa falsafa. Kwa hiyo mtu akijaza kwenye fomu kwamba ana "Ngazi ya 6", msomaji wa fomu anaelewa kingine kabisa, na cheti kikifika inaonekana kama mwombaji amejikweza. Andika jina la sifa yako kamili, chombo kilichoitoa na miaka uliyosoma. Ngazi waache waipange wenyewe.

Nami nilipita njia hii nilipotaka kugeuza stashahada yangu ya nyumbani kuwa shahada. Shahada ya hapa ina krediti 360, yaani 120 kila mwaka kwa miaka mitatu. Niliomba miaka miwili ya mwanzo ihesabiwe kwa masomo niliyokwisha kuyasoma, nibaki na mwaka mmoja. Vyuo huita utaratibu huu kwa herufi RPL; ukiandika, tumia herufi hizo, wanaelewana nazo haraka.

Masomo mengi yalipita. Moja liliwekewa alama ya kuuliza: utafiti. Kwenye matokeo yangu lilikuwa mstari mmoja tu, jina la somo na alama. Mkaguzi hakuwa na ubaya. Mstari mmoja haumwambii kama nilijifunza kukusanya takwimu au niliandika insha tu. Nikampigia shangazi yangu, naye akaenda chuoni kwetu mara tatu, mara mhusika hayupo, mara muhuri haupo, hadi akapata muhtasari wa somo: mada, saa za darasani, saa za vitendo, vitabu, namna ya kupima. Kurasa nne. Nikaambatanisha na ripoti yangu ya utafiti ya mwaka wa tatu. Baada ya wiki chache somo likakubaliwa.

Kurasa nne zile ziliniokolea mwaka mzima wa ada na wa zamu za usiku. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: cheti huonyesha kwamba umemaliza, muhtasari huonyesha ulichosoma. Anayelinganisha masomo halinganishi majina, analinganisha yaliyomo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali.

Kwa mlioko Marekani sura ni tofauti, kanuni ni ileile. Huko shahada ina masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi lazima ayapite, na somo lililosomwa chuo cha jamii linaweza kuhesabiwa kama krediti za kawaida tu bila kutimiza sharti hilo la jumla. California, kuanzia msimu wa masomo wa mwisho wa 2025, wanafunzi wapya wanaopanga kuhama kutoka vyuo vya jamii wana mpango mmoja uitwao Cal-GETC, wenye yuniti 34, kwa ajili ya vyuo vya UC na CSU. Orodha ya masomo yaliyokubaliwa iko kwenye tovuti ya ASSIST, na hupangwa kwa mwaka. Mwambie mwanao aangalie mwaka aliosoma yeye, asifuate wa rafiki yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, andika baruapepe fupi kwa ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka, kwa Kiingereza chepesi: "Nina cheti hiki, nilichokipata mwaka huu. Je, mnakikubali kutimiza sharti lenu la Hisabati kwa kozi hii, nikianza mwaka huu? Kama hapana, mnakubali nini badala yake?" Usiridhike na jibu la simu. Anayepokea simu leo anaweza asiwepo Septemba, lakini baruapepe itakuwepo. Ihifadhi mahali pawili.

Na ninyi mlioko nyumbani mnaojiandaa kusafiri, au mnaosomesha watoto kwa lengo hilo, chukueni muhtasari wa kila somo mngali chuoni, wenye muhuri, wakati walimu wanawajua kwa sura. Baada ya miaka kumi mitaala itakuwa imebadilika na ofisi imehama, na si kila mtu ana shangazi wa kwenda mara tatu.

Wazazi, kabla ya kuuza kiwanja ili kumlipa wakala aliyeahidi kozi "inayokubalika dunia nzima", mwombeni jambo moja: barua ya chuo kitakachompokea mtoto. Akiwa nayo, ataionyesha. Asipokuwa nayo, kiwanja kibaki palepale.

Tuonane toleo lijalo, inshallah.