Kila Barua na Jalada Lake

MASJALA ni moyo wa ofisi. Aliyepata kufanya kazi katika boma la wilaya anajua kwamba barua ikitiwa katika jalada lisilo lake imekwisha kupotea, hata kama karatasi yenyewe ingali kabatini. Kanuni hiyo haikufutwa na kuja kwa kompyuta.

Tangu Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, ofisi za ukanda huu wa dhahabu zimekuwa na mengi ya kushughulikia: leseni za wachimbaji wadogo, fidia za ardhi, masoko ya madini, vivuko na mialo ya visiwani. Ofisa mmoja ana anwani ya barua pepe ya Serikali, ana ya mradi, ana ya shughuli za Chama, na ana yake binafsi. Zote zikimiminwa katika kapu moja, shauri la mvuvi wa Izumacheli hufunikwa na michango ya harusi. Mvuvi huyo asipojibiwa, hupanda mtumbwi na kupoteza siku nzima ya kazi ili aulize barua yake imefikia wapi.

Dawa ipo, wala haina gharama. Programu kama Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004 na ambayo hailipiwi, hupokea anwani zote katika kompyuta moja, kila anwani ikiwa na folda zake. Ndani ya anwani ya ofisi, mtumishi afungue folda kwa kadiri ya kazi: leseni, ardhi, vivuko. Kisha aweke vichujio, ili kila barua iingie mahali pake kwa jina la mwandikaji au kwa kichwa cha habari. Na kwa mtumishi wa kisiwani, mtandao ukikatika, barua zilizokwisha kushushwa husomeka, na jibu huandikwa likangoja mtandao urudi.

Wapo wanaodai kwamba kapu moja huharakisha kazi. Huharakisha kusoma, haliharakishi kutafuta. Tena ndilo linalomfanya ofisa ajibu jambo la Serikali kwa anwani yake ya nyumbani, na jibu hilo lisionekane tena ofisini.

Lipo pia jambo la kutahadhari. Folda zilizomo ndani ya kompyuta moja tu si masjala. Mashine ikiungua, zimeungua nazo. Anwani ya ofisi iunganishwe kwa utaratibu wa IMAP, unaoacha barua katika seva, wala si ule wa POP, ambao huzishusha kwenye mashine moja na mara nyingi kuzifuta kule zilikotoka.

Barua ya ofisi ni amana. Si mali ya ofisa, naye akihamishwa hana haki ya kuondoka nayo. Tunawataka wakuu wa idara wakague folda kama walivyokuwa wakikagua majalada, na makabidhiano ya ofisi yazitaje moja moja.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, andikeni kwa anwani ya ofisi, si ya mtu, na kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe. Mkifanya hivyo, atakayekaa kimya hatakuwa na kisingizio.