Tatizo la Lukenya si friji ya bia, ni rafu ya robo

Lile duka jipya la bia hapa Lukenya, lile lenye friji nne na chupa za rangi zote, ndilo duka la pombe lenye madhara kidogo kuliko yote kwenye hii barabara. Nimesema. Sasa mnaokusanya sahihi lifungwe eti "linaharibu vijana", kaeni chini kidogo. Mimi ndiye huyo kijana mnayemsema. Nina miaka 23, nimekulia Mavoko, na sahihi yangu hampati.

Kwanza niliingia, kitu ambacho nusu ya waliosaini hawajafanya. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Lukenya lile la kuchoma mpaka mawe ya mlima, malori ya simiti yanatimua vumbi. Ndani ni baridi na ni kimya, karibu kama duka la dawa. Kuna zile tunazozijua wote: Tusker, White Cap, Guinness. Kuna Summit ya Keroche kutoka Naivasha. Kuna Windhoek ya Namibia. Halafu friji ya mwisho ina bia za viwanda vidogo vya hapa Kenya, kama 254 na Bateleur, zenye lebo unatamani kubandika ukutani. Hakuna kiti hata kimoja. Hunywi hapo, unanunua unaenda.

Kabla sijauliza bei, dada wa kaunta akanikatiza.

"Kitambulisho kwanza."

"Dada, si unaona nina ndevu?"

"Hata beberu anazo. Leta."

Nikatoa. Akaangalia mwaka, akaangalia sura, ndipo akaanza kunielezea: hii ni nyepesi, hii ni chungu, hii imetengenezwa na ngano, hii ina asilimia saba kwa hivyo usiichukulie kama soda. Manze, hakuna mtu amewahi kuniongelesha hivyo kuhusu pombe. Nilibeba chupa mbili tofauti nikaenda nyumbani. Moja ilikuwa chungu kama mwarobaini, sitarudia.

Sasa vuka barabara. Kutoka stage mpaka geti letu nimehesabu "wines" tisa. Tisa! Mnazijua: chumba kimoja, nondo kwa dirisha, mkono unaingiza pesa na mkono mwingine unatoa chupa. Friji kama iko imezimwa, kwa sababu bia si biashara hapo. Biashara ni ile rafu ya robo, chupa bapa za kali zinazoingia mfuko wa nyuma wa suruali. Anayenunua ni kijana wa mjengo ambaye hajala tangu asubuhi. Ni mwanafunzi wa chuo mwenye mia tatu ya wikendi nzima. Ni yule mtoto wa form three aliyevaa jaketi juu ya yunifomu, na mnajua ninamsema nani. Kwa ile nondo haonekani uso. Nani ataomba kitambulisho cha mkono?

Mwaka jana kwa grupu yetu tulichanga mazishi mara mbili, vijana wawili wa mjengo. Hakuna aliyekufa kwa bia ya ngano. Lakini kwenye ile karatasi yenu hakuna hata "wines" moja kati ya tisa. Iko ile ya friji nne pekee, kwa sababu ina taa, ina kioo, inaonekana ukipita na gari.

Hesabu kidogo, msikimbie. Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa pombe Kenya unahesabiwa kwa nguvu ya pombe iliyo ndani ya chupa. Bia inalipa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe tupu. Kali inalipa shilingi 10. Soma tena polepole. Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina sentilita 2.1 za pombe tupu, kwa hivyo ushuru wake ni kama shilingi 47. Robo lita ya kali ya asilimia 40 ina sentilita 10 nzima, na ushuru wake ni shilingi 100. Ukitaka kufikisha hizo sentilita 10 kwa bia utahitaji karibu chupa tano, na serikali itakuwa imekukata shilingi 225. Mtu wa robo amelewa kiasi kile kile kwa ushuru usiofika nusu. Na chupa tano za bia utazinywa jioni nzima ukienda choo kila saa. Robo inaisha kabla matatu haijajaa.

Kusema haki, kuna sehemu ya sheria hiyo ilifikiriwa: wenye viwanda vidogo vya bia nao wanalipa shilingi 10. Lakini kijana wa mjengo hajui hata kama wako.

Kwa hivyo mtu akiniambia ushuru ni wa kutulinda, namuuliza, unamlinda nani na nini? Kijana ana mia tatu. Sheria yenyewe inamsukuma aende kwa nondo. Na msiniambie serikali haijui bei inasukuma watu. Inajua sana. Senator Keg ilianza 2004, ikapewa nafuu ya ushuru ili mtu wa kipato kidogo aache chang'aa anywe kitu kilichopimwa. Ikafanya kazi. 2013 hiyo nafuu ikakatwa, bei ikapanda, wanywaji wakatoroka. Mei 2014 watu wakafa kwa makumi kwa methanoli, Embu, Kitui, Makueni. Majirani zetu hao. Sisemi kila kifo kilitoka kwa bei ya keg, wauzaji wa sumu walikuwepo na bado wapo. Nasema mtu akifungiwa mlango wa bei nafuu haendi nyumbani kulala, anatafuta mlango mwingine. 2015 nafuu ikarudishwa, kwa hivyo hata wenyewe walielewa.

Halafu Julai 2025 tukaletewa ile sera mpya ya taifa. Umri wa kunywa utoke 18 uende 21. Pombe isiuzwe mtandaoni, isiletwe nyumbani, isiuzwe supamaketi. Watu mtandaoni tukawaka, NACADA ikatoka kueleza kwamba hiyo bado si sheria. Sawa. Mimi hata 21 sina shida nayo sana, nilishapita. Shida yangu ni hii: 18 yenyewe imekuwa kwenye vitabu, na Sheria ya Vileo ya 2010, ile ya Mututho, iko wazi kabisa kwamba kumuuzia mtoto ni kosa. Nani analishika? Dada wa friji nne. Yeye atashika 18, atashika 21, ukimwambia 30 atashika 30, kwa sababu leseni yake iko ukutani na ana kitu cha kupoteza. Wa nondo hajashika ya kwanza. Ukiongeza namba juu ya sheria isiyofuatwa, umemwongezea kazi yule mmoja anayefuata, basi.

Kuna jambo moja ninamlaumu mwenye hilo duka, na nilimwambia. Una bia ya Namibia, una bia ya Ulaya, uko Ukambani, na huna kitu chochote chetu. Wazee wetu walitengeneza uki wa asali kwa kutumia tunda la muatini, na ulikuwa na utaratibu wake: ni wa wazee, ni wa shughuli, mahari haikuongelewa bila uki, na kijana alibeba kibuyu bila kuonja. Wakoloni wakauwekea uki vibali na marufuku. Kiwanda cha Ruaraka kikaanza 1922, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua bia ya chupa mpaka miaka ya 1940. Leo uki unanyweka nyuma ya nyumba kama wizi, na kali ya kiwandani iko mbele ya shule. Jibu lake lilikuwa kwamba akipata mtu anayetengeneza uki wa asali wenye stempu ya KRA atauweka friji ya kwanza. Nimeshika hilo neno lake.

Na kwa sababu wengine wenu mtanunua tu hata nikisema nini: ile stempu kwa kifuniko ina kazi. Kuna apu ya KRA inaitwa Soma Label, ni ya bure, unaelekeza simu kwa stempu inakuambia kama chupa ni halali. Dada wa friji nne aliniruhusu nijaribu tatu, zote sawa. Kwa dirisha la nondo nilipoomba nione kifuniko kabla ya kulipa niliambiwa niende nikasomee mbele.

Mamangu ni mtu wa AIC, hajaonja pombe maisha yake yote, na jina lake liko kwenye karatasi yenu. Mama, heshima yako iko pale pale. Ukisema pombe yote ifungwe kuanzia hapa mpaka Kyumvi, nitakuelewa, huo ni msimamo na una mantiki yake. Ila hiyo karatasi haisemi hivyo. Inasema wale tisa wabaki na huyu mmoja aondoke. Mama alinyamaza, akauliza, "Hao tisa ni akina nani?" Nikamtajia mmoja mmoja. Watatu hakujua wanauza pombe, alidhani ni mpesa.

Basi mkitaka sahihi yangu, andikeni upya. Wekeni maduka yote kumi. Andikeni kaunta isiyoomba kitambulisho inyang'anywe leseni, dirisha la nondo lililo karibu na shule lisiongezewe leseni mwaka ujao, na barua nyingine iende kwa mbunge ikimuuliza kwa nini sentilita ya kali ni shilingi 10 na ya bia ni 22.50. Na kama kuna mtu kwenye grupu anajuana na wanaotoa leseni, amuulize lini mara ya mwisho mkaguzi aliingia kwa hizo tisa. Nitaweka jibu hapa likija.