Tunao Akina Jones, Hatuna Akina Numero



Kila tukikutana hapa Frogtown, iwe msibani au harusini, mazungumzo ni yale yale: nani kanunua kiwanja Kigamboni, nani kafikisha nyumba kwenye lenta, nani kaibiwa saruji na shemeji yake. Tukimaliza hayo tunalalamika kwamba mtu mweusi hagundui kitu. Huo ni uongo, na ushahidi uko ng'ambo ya mto tu, Minneapolis.

Frederick McKinley Jones, mtu mweusi aliyezaliwa 1893, aliacha shule akiwa mtoto. Umeme alijifunza kwa vitabu na kwa kufungua mashine. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ufaransa na jeshi, akitandaza nyaya za umeme na simu kambini. Aliporudi Hallock, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, aliunda mtambo wa kurushia matangazo ya redio na kifaa cha kutia sauti kwenye sinema.

Angeishia hapo, pengine tusingemjua. Lakini Joseph Numero, mfanyabiashara wa vifaa vya sinema Minneapolis, alimwajiri bila kujali kwamba hana digrii. Mwaka 1938 Jones alipounda mashine ya kupozea mizigo ndani ya lori, Numero aliuza biashara yake ya sinema, wakaanzisha pamoja kampuni iliyokuja kuitwa Thermo King. Katika Vita vya Pili mashine za Jones zilihifadhi chakula, dawa na damu ya majeruhi. Alifariki 1961 akiwa na hataza zaidi ya 60. Mwaka 1991 Rais wa Marekani aliwatunuku Nishani ya Taifa ya Teknolojia, Jones pamoja na Numero. Wote wawili!

Mtaniambia Numero alikuwa na mtaji, sisi tunabeba maboksi. Sawa. Lakini fedha za kiwanja cha tatu zinatoka wapi?

Nyumbani nyanya zinaoza kando ya barabara kwa kukosa ubaridi, na kijana anayefufua majokofu chini ya mwembe tunamwita fundi Maiko. Nami simo nje ya lawama. Fundi wa mtaani kwetu aliwahi kuniomba mtaji wa kompresa mbili aunde chumba cha baridi cha wauza samaki. Nikamjibu nimebanwa. Mwezi ule ule nikatuma fedha za mabati. Leo nyumba imeezekwa, na wanaoishi ndani ni popo. Yule fundi sasa anaendesha bodaboda.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kabla ya kiwanja kingine, kila mmoja wetu amtafute fundi mmoja. Muandikiane mkataba, hisa zijulikane, na ugunduzi usajiliwe kwa jina lake, si la mwenye fedha. Hiyo si sadaka, ni biashara. Anayeona nimekosea anieleze nyumba ya popo inamlisha nani.

Nawasilisha.