Tikiti ya Karatasi Isidharauliwe

Mwezi wa Agosti 2025, siku chache baada ya Harambee Stars kuifunga Morocco bao 1-0 huko Kasarani katika mashindano ya CHAN, Shirikisho la Kandanda la Afrika lilitoa amri kali. Watu wasio na tikiti walikuwa wamejipenyeza milangoni kwa nguvu. Basi mechi ya Zambia, tarehe 17, ikaruhusiwa watazamaji 27,000 tu, kiasi cha asilimia 60 ya viti, na tena wenye tikiti za simu peke yao. Ya karatasi ikakataliwa.

Amri hiyo hatuna ugomvi nayo. Fujo haina wakili. Na tikiti ya simu ina sifa zake: mtambo huisoma mara moja, na aliyekwisha ingia nayo hawezi kumrushia nduguye nje ya ukuta.

Linalotuudhi ni maneno tuyasikiayo mabarazani hapa Mombasa, kwamba anayetaka karatasi ni mshamba aliyepitwa na wakati. Si kweli hata chembe. Watu hawa hawa wamekuwa wakitumiana pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mama wa mbaazi na mahamri hulipwa kwayo kila asubuhi. Mzee huyo haogopi simu. Aogopa kufika mlangoni betri imekwisha, mtandao umelala kwa wingi wa watu, na bawabu hataki kusikia neno. Tena pesa za simu zaingia hata katika kisimu kidogo cha vidude. Tikiti yenye ile alama ya mraba yataka simu ya kioo. Hapo ndipo penye uchungu.

Mtazame pia baba aliyewanunulia wanawe wanne. Tikiti zote zi katika simu moja, kwa hiyo hapana aingiaye mpaka baba afike, na akichelewa garini, wote watano wamekosa kipindi cha kwanza. Zingalikuwa vikaratasi, angaliwagawia nyumbani wakaenda zao.

Kisha kuna ukumbusho. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965, na aliyeweka kipande cha tikiti ya siku zile ana kitu cha kumwonyesha mjukuu. (Simu ya mwaka juzi iko wapi leo?) Hata FIFA walilijua hilo: katika Kombe la Dunia la Qatar, 2022, tikiti za kuingilia zilikuwa za simu, lakini za karatasi za ukumbusho ziliuzwa kwa waliozitaka.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda. Twaomba wahusika wafikiri mapema, si wiki ya mwisho. Nambari ya tikiti na ipelekwe kwa ujumbe mfupi, hata kisimu cha vidude kiipokee. Kuwe na dirisha uwanjani ambapo mtu ataonyesha kitambulisho na nambari yake, achapiwe karatasi yenye alama ile ile isomwayo na mtambo, mara moja tu. Mlanguzi hatafaidika kwa hilo, na mzee wetu wa Kisauni ataingia bila kumwazima mtu simu.