Kuchunga Franga Bila Kuuza Uzima

Mutu wa Kivu ya Kaskazini anachukua muti wa mikaratusi, panga na shoka, anachonga chukudu. Magurudumu yake anayazungushia mupira wa gari uliozeeka, kisha anashuka mulima na mizigo ya viazi na makala ambayo watu wanne hawawezi kuibeba. Bibi yake anatoboa chini ya mukebe wa maziwa kwa musumari, anapata chombo cha kunyunyizia miche ya mboga. Watoto wao wanafanya gari la waya. Wengine wanacheka vitu hivi na kusema: "Ni vitu vya maskini." Mimi sicheki. Nyumba ambayo watu wake wanangoja duka kwa kila kitu itangoja siku nyingi.

Lakini kuna neno moja ninalotaka kusema juu ya mikono hii yenye akili. Katika lupango moja utaona chukudu nzuri, viti vizuri, nyumba ya kuku yenye mulango unaofungwa vema, na choo kisicho na kifuniko. Mutu aliyeweza kuchonga gurudumu la muti anashindwa namna gani kukata ubao wa kufunika tundu la choo? Si mambo ya franga hata kidogo. Ni kwa sababu chukudu inaonekana barabarani na inaleta faida jioni, lakini kifuniko cha choo hakuna mutu anayekisifu. Basi inzi wanatoka chooni, wanakwenda jikoni, wanatua juu ya bugali ya mutoto. Mutoto anahara, na zile franga za chukudu zinakwisha kwa kununua dawa.

Kwa hiyo mbele ya kutengeneza kitu cha nyumbani, tukiulize ulizo hili: Kitu hiki kinachunga franga tu, ao kinachunga na mwili?

Viko vitu vya bei kidogo ambavyo kwa kweli ni vya bei kali. Cha kwanza ni chandarua cha mbu kilichofanywa kuwa lupango lwa bustani. Watu wanapewa vyandarua bure, kisha tunavikuta vimefungwa kuzunguka miche ya kabichi, ao vifaranga vinalala ndani yake, na kando ya ziwa Tanganyika watu wanavua navyo samaki wadogo. Wanasema: "Ni kitambaa cha bure, kisipotee." Ninyi wazazi, fikirini vizuri. Kongo yetu na Nigeria ndizo inchi mbili zenye wagonjwa wengi wa malaria kupita inchi zote za dunia. Kabichi inalala ndani ya chandarua, na mutoto analala inje yake! Kwa bustani, kateni matete ao mianzi, na juu ya miche wekeni majani ya migomba. Chandarua kilichopasuka kwanza kishonwe. Kama kimechakaa kabisa na mumekwisha kupata kingine, mukifunge dirishani. Lakini kisiende majini.

Cha pili ni bido la dawa ya kuua wadudu wa shamba. Bido ni zuri, lina kifuniko, halivuji. Mama analiosha mara tatu kwa maji ya moto na muchanga, kisha anatia maji ya kunywa ao mafuta ya mawese. Haifai. Dawa ile inaingia katika plastiki yenyewe, na hakuna kuosha kunakoiondoa yote. Bido la namna hiyo litobolewe mbele watu wengine hawajalichukua. Kwa maji, tafuteni bido la manjano lililokuwa na mafuta ya kupikia. Vilevile petroli ya taa isitiwe katika chupa ya limonadi, kwa maana mutoto mwenye kiu hajui kusoma. Kama amekwisha kuinywa, musimutapishe, kwa sababu akitapika petroli inaweza kuingia katika mapafu. Mumulete hospitali upesi, na chupa yenyewe muilete pamoja naye.

Na ninyi mulio katika milima ya baridi, musiingize mbabula ya makala katika chumba cha kulala na kufunga madirisha. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanaolala hawaamuki. Blanketi moja ni bei kali, ndiyo, lakini inunuliwe.

Sasa tuseme juu ya kazi njema za mikono, na nitaanza na choo, hata kama wengine watakunja uso.

Watu wengi wanaogopa kuchimba choo kwa sababu wanafikiri sherti kiwe shimo la mita nyingi. Wanaume wanachimba juma zima, wanachoka, wanaacha. Huko Zimbabwe mutafiti Peter Morgan, aliyepewa mwaka wa 2013 zawadi ya Stockholm kwa mambo ya maji, alifundisha watu choo kidogo kinachogeuka kuwa muti. Shimo lake ni la mita moja tu, halipite mita moja na nusu. Juu yake munaweka sakafu nyepesi inayoweza kuhamishwa, na kibanda chepesi cha matete. Kila mutu akitoka anatupa ndani konzi ya udongo mukavu na majivu. Udongo huo unaondoa harufu na kuzuia inzi, tena unasaidia uchafu kuoza na kuwa mboleo. Nyumba moja inalijaza kwa miezi sita ao mwaka mumoja. Shimo likikaribia kujaa, munahamisha sakafu na kibanda juu ya shimo jipya. Lile la kwanza munalifunika kwa udongo mwema usiopungua santimetri 15, na munapanda humo mugomba ao mupapai. Hakuna anayegusa uchafu. Muti unakula chini, watoto wanakula juu. Kisha miaka michache lupango lwenu lina mustari wa miti ya matunda, na kila muti unajulisha pahali choo kilipokuwa. Nimesikia watu wakisema ya kuwa papai la namna hiyo linatia haya. Mbona hawaoni haya kwenda kichakani juu ya kijito ambamo jirani anateka maji?

Lakini pahali ambapo maji yanaonekana karibu ukichimba, choo hiki hakifai, na kila choo kiwe mbali na kisima, hata mita 30, tena upande wa chini. Na hapo juu ya shimo musipande mboga za kula mbichi.

Kifuniko chake ni ubao wa kadiri ya sahani kubwa, wenye mupini murefu, ili mutu asiiname wala asiguse tundu. Kazi ya nusu saa.

Kando ya choo lisimame kopo la kunawa. Namna hii ilianza kuenea toka Zimbabwe katika miaka ya 1980, na ni nyepesi sana. Simamisheni miti miwili yenye panda, laza fimbo juu yake, na tundika humo bido la litri tano. Toboa tundu dogo kwa musumari wa moto, upande wa mbele, karibu na shingo. Funga kamba shingoni, na chini ya kamba ufunge kijiti cha kukanyaga. Mutu akikanyaga, bido linainama na maji yanatoka kidogo kidogo, na mikono michafu haigusi kitu. Mama anayeteka maji mbali atafurahi, kwa maana bido moja linanawisha watu wengi. Kipande cha sabuni kikiibiwa, tia sabuni kidogo ya unga katika chupa ya maji, toboa kifuniko chake, uifunge hapo kwa kamba. Hakuna mwizi anayetaka chupa ya maji yenye povu.

Tunajua wenyewe sababu ya kunawa. Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, Ebola ilikuwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watu 2287 walikufa. Siku zile kulikuwa na ndoo ya maji mulangoni pa soko, pa masomo, pa kanisa na pa duka. Kisha ugonjwa ukaisha, na ndoo nyingi zikarudi kwa kazi nyingine. Lakini kuhara hakukuisha, na kipindupindu bado kinazunguka katika vijiji vya kando ya maziwa yetu.

Juu ya kipindupindu, iko kazi moja ya kikwembe inayonipendeza sana. Katika inchi ya Bangladesh waganga walifundisha wanawake kukunja kitambaa cha nguo yao, kiwe na kunjo ine ao zaidi, na kupitisha humo maji ya kunywa. Habari ya kazi hiyo ilitolewa mwaka wa 2003: katika vijiji hivyo kipindupindu kilipungua karibu nusu, asilimia 48. Kwa maana vijidudu vya ugonjwa huo vinashikamana na vinyama vidogo vya majini, na kitambaa kinavizuia. Tena nguo iliyozeeka na kufuliwa mara nyingi inashinda nguo mpya, sababu nyuzi zake zimefumuka na matundu yake yamekuwa madogo. Basi kikwembe cha bibi kizee kimepata kazi. Lakini nusu si yote. Kuchuja ni kazi ya kwanza. Kisha maji yachemushwe ao yatiwe dawa ya klore, na kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani.

Bustani ninaipita upesi, kwa sababu wanawake wetu wanaijua kupita mimi. Ninasema hili tu: maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe mulangoni yakawa matope na pahali pa mbu, yapelekwe kwa migomba. Lengalenga inaota hata katika mufuko uliojaa udongo kando ya jiko, na ikipikwa na mafuta kidogo ya mawese inasaidia macho ya mutoto. Hapo nina ugomvi na watu wengine. Wanapanda lengalenga, wanaiuza yote. Kuku anataga, mayai yanakwenda sokoni, na biskuti zinarudi. Mama, uza tatu, na la ine umupe mutoto wako.

Bado iko meza ya fito ya kuanikia sahani juani, mbali na mbuzi na mbwa, na jiko la udongo lililoinuliwa mpaka kiunoni, ili mutoto anayetambaa asiangukie moto. Watoto walioungua tunawaona sana, na wengi waliungua kwa chungu kilichokaa chini juu ya mafiga matatu. Udongo wa jiko hilo ni bure. Kazi yake ni ya mwanaume, wala asimwachie bibi aliyekwisha kulima, kuteka maji na kutwanga.

Kopo la kunawa, meza ya fito na kifuniko cha choo viko nyuma ya jiko la walinzi wa wagonjwa. Mutu anayengoja mugonjwa wake aende kuviangalia, akanyage kijiti kwa muguu wake, na kama anataka, apime kifuniko kwa kamba na kwenda na kipimo nyumbani. Musumari wa kutobolea bido anaweza kuuazima kwa seremala wetu, lakini aurudishe.