Kisukari Si Sukari Pekee

Kila nikisikia mtu akisema kwamba kisukari huletwa na chai tamu basi, mimi hutikisa kichwa. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inatuhusu sana sisi wanafunzi.

Hebu tuanzie mwilini. Kongosho hutoa insulini, nayo ni kama ufunguo unaofungua seli ili sukari ya damu iingie na kutumika. Katika kisukari aina ya pili ufunguo upo, lakini kufuli imekaza: seli zimekuwa sugu. Kongosho huongeza insulini, huongeza tena, mwishowe huchoka, na sukari ikarundikana katika damu.

Je, ni nani aliyekaza kufuli hiyo? Ukijikata kidole, pale huvimba, hugeuka pekundu na kupata moto. Ni mwili unajitetea, na kidonda kikipona moto huzimika. Lakini mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, moto mdogo kama huo huwaka ndani kwa ndani bila kuzimika. Mwaka 1993, watafiti wa Marekani akina Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya moto huo iitwayo TNF-alfa. Walipoizuia, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2001, utafiti mwingine ulionyesha kwamba wanawake wenye CRP nyingi katika damu walikuwa hatarini zaidi kupata kisukari baadaye. CRP ni protini inayotolewa na ini mwili unapowaka. Si kipimo cha kisukari, maana hata nimonia huipandisha, lakini ni moshi unaotuambia kuna moto. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako!

Najua wapo watakaonicheka: "Ah, huo ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Githeri ya shule itatunenepesha lini?" Jamani, tusijidanganye. Urithi una sehemu yake, na hata mtu mwembamba huweza kuugua. Tena tabia ya kukaa kitako haianzi uzeeni, huanzia hapa hapa.

Kwa hivyo nasema wazi, na walimu wetu waniwie radhi: kipindi cha mazoezi ya viungo kisigeuzwe kuwa cha hisabati. Ni mara ngapi tumeshika viatu vya raba mkononi tukaambiwa turudi madarasani? Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba, na mtu mnene akipunguza uzito, ule moto nao hupungua. Dawa gani ya bure ishindayo hiyo? Hisabati ni muhimu, sikatai, lakini tutahesabu nini tukiwa wagonjwa?

Nanyi wenzangu mnaojificha bwenini filimbi ya michezo ikilia, au mnaofanya soda na mandazi kuwa chakula cha kila siku, msidhani nimewasahau. Tukienda likizo, tuwashauri wazazi na nyanya zetu wakapimwe mapema. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kisukari hujengwa kwa bei ghali: macho, figo na miguu.